Tisa Wanatosha

Gari la bweni la michezo lilifika kijiji cha Karamtoli wiki moja baada ya mpunga kuvunwa, na lilipoondoka lilikuwa limebeba wasichana sita wa shule. Hakuna mzazi aliyelalamika. Bwenini kulikuwa na viatu, mayai kila asubuhi, na uwanja wa nyasi bandia wa kuchezea mpira wa magongo. Lakini wote sita walikuwa wa timu ya wadogo, wale ambao hawajatimiza miaka kumi na minne. Timu ikabaki na watoto tisa, na mmoja kati ya hao tisa alikuwa kipa ambaye pedi za miguu zilimfika kiunoni.

Kipa huyo aliitwa Nilmani. Dada yake, Albina Dungdung, alikuwa beki na nahodha wa timu ya wakubwa. Alikuwa na miaka kumi na minane na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho shuleni. Wachagua wachezaji wa timu ya shirika la reli, kutoka mji wa Ranchi, walikuwa wameshamwona mara moja wakasema watarudi siku ya fainali ya mashindano ya shule wamtazame vizuri. Karamtoli nzima ilijua maana yake. Msichana akichukuliwa na timu ya reli amepata kazi ya maisha, na mama yake hatabeba tena matofali kichwani.

Mwalimu mkuu mpya, Bwana Patras Lakra, alimwita Albina ofisini siku iliyofuata gari lile kuondoka.

"Wadogo nawaondoa msimu huu," alisema. "Barua nimeshaandika. Wa kati na nyinyi wakubwa mtaendelea."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Tisa dhidi ya kumi na moja? Watapigwa mabao mpaka wayasahau majina yao. Sikuja hapa shule yangu ichekwe."

"Kanuni inasema saba wanatosha kuanza mchezo."

"Nani kakwambia?"

"Nimeisoma. Ukurasa wa nne."

"Ungekuwa unasoma hisabati hivyo, tungekuwa mbali. Haya, waende. Lakini wakituaibisha, sitaki kuona mtu analia mlangoni kwangu. Utajibu wewe."

"Nitajibu."

Mchezo wa kwanza wadogo walicheza na shule ya mjini, wakafungwa kumi na moja bila. Kocha wa mjini, mwanamke mwenye miwani ya jua, alipita mbele ya benchi lao akacheka. "Mmeleta timu, au mmeleta watoto watazame wenzao?"

Albina hakumjibu. Alikuwa amepiga magoti akifungua mikanda ya pedi za mdogo wake.

"Dada, wamefunga mangapi?"

"Kumi na moja."

"Mimi nimehesabu kumi."

"Moja lilipita ukiwa umelala chini."

Nilmani akafikiri kidogo, akipangusa vumbi puani. "Tutacheza nao tena lini?"

Swali hilo lilimwingia Albina kuliko yale mabao yote. Mwalimu wa michezo alikuwa amehamishwa tangu mvua za masika na hakuletwa mwingine, kwa hiyo wakubwa ndio waliowafundisha wadogo. Kuanzia kesho yake Albina aliwatoa watoto tisa vitandani kabla ya jua, akawapeleka kwenye shamba la mpunga lililovunwa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya matuta. Mabua yaliwachoma nyayo, maana hakuna aliyekuwa na viatu, na mpira haukuwahi kwenda pale ulipotumwa.

"Hapa mpira una kichaa," alinung'unika Sushanti Bilung, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote.

"Ukiuweza hapa, uwanjani utakufuata kama mbwa," Albina alimwambia. "Sikilizeni. Tisa hamwezi kuwa kila mahali. Basi msiuache na mpira uwe kila mahali. Msukumeni mwenye mpira pembeni, pembeni, mpaka aishie kwenye mstari. Katikati ni kwetu."

"Na tukipata mpira?"

"Mpe Sushanti akimbie nao. Hana akili ya kuogopa."

Watoto walicheka, hata Sushanti mwenyewe.

Mchezo wa pili walifungwa sita. Wa tatu walifungwa mawili tu, na waliporudi kijijini juu ya trela la trekta waliimba njia nzima, mpaka dereva akauliza kama wameshinda. Wa kati walikuwa wametolewa kwenye nusu fainali kwa mikwaju ya penalti. Wakubwa walishinda kila mchezo, wakaingia fainali dhidi ya shule ile ile ya mjini. Siku hiyo hiyo ya fainali wadogo nao walipangiwa mchezo wao wa mwisho na shule hiyo: wao saa tatu asubuhi, wakubwa saa sita mchana.

Uwanja ulijaa mapema. Upande wa magharibi kulikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa vyeupe, na wapiga ngoma waliokuwa wakijaribu ngozi za ngoma zao. Mbuzi wa zawadi ya mshindi alifungwa kwenye nguzo ya lango, akitafuna taji la maua alilovishwa. Chini ya turubai Albina aliwaona wanaume wawili waliovaa jaketi za bluu za reli. Mmoja alimwinulia mkono.

Saa tatu kasoro kidogo, katibu wa mashindano, Bwana Ohdar, alimjia akiwa na faili kwapani.

"Binti, ratiba imebadilika. Mgeni rasmi anakuja sasa hivi na ana haraka, kwa hiyo fainali itaanza yeye akishakaa. Wadogo wenu wataachia mchezo. Tia sahihi hapa, wewe ndiye nahodha wa shule."

"Wataachia vipi? Wamekuja kucheza."

"Nitaandika mmefungwa tano bila. Nawasitiri. Mara ya kwanza mlikula kumi na moja, au umesahau?"

"Sijasahau. Lakini huu haujachezwa."

"Matokeo yake yanajulikana."

"Na nani?"

Bwana Ohdar alishusha sauti, akasogea karibu kama mjomba anayempa mtoto ushauri. "Unawaona wale wa reli? Wamekuja kwa ajili yako. Msichana mwenye busara hachezi na bahati yake kwa sababu ya watoto wa kucheza vumbini."

Albina aliwatazama watoto tisa. Walikuwa wamejipanga tayari kwenye mstari, magongo yao ya mianzi mikononi, Nilmani akijaribu kuruka na pedi zake. Halafu aliwatazama wale wanaume wawili. Akilini alimwona mama yake na tofali kichwani, akaiona na karatasi ya Bwana Ohdar, na akajua kwamba akiitia sahihi atakuwa ndiye aliyewafunga watoto wale mabao matano.

"Sitii," alisema.

"Basi nitaandika bila sahihi yako."

"Andika. Wao watacheza."

Alirudi kwa wenzake wa timu ya wakubwa, akawaeleza kwa maneno machache. Hakuwaomba kitu. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akaketi juu ya mstari, gongo mapajani. Mmoja wao akauliza, "Tukinyang'anywa fainali je?" Mwingine akamjibu, "Basi tumenyang'anywa," akaenda kuketi. Walipofika kumi na mmoja, mstari wa katikati ulikuwa umefungwa kama boma.

Gari la mgeni rasmi liliingia wakiwa hapo. Ngoma zikaanza, wasichana wenye sari nyeupe za ukingo mwekundu wakamnawisha mikono kumkaribisha, kisha ngoma zikafifia moja moja watu walipogeuka kutazama uwanjani. Bwana Ohdar alipiga filimbi. Hakuna aliyeinuka. Alikwenda akasimama mbele ya Albina, mishipa ya shingo imemsimama.

"Nitakufungia wewe. Nitaifungia shule yako."

"Sawa, bwana. Wadogo wakimaliza tutatoka."

Chini ya turubai mgeni aliuliza kuna nini, na mzee mmoja akamjibu kwa sauti iliyosikika mbali, "Watoto wanataka kucheza, mabwana hawataki." Watu wakacheka. Mgeni, ambaye hakupenda kuwa upande wa kuchekwa, akasema basi wacheze, yeye atakaa kwa muda alio nao.

Wakubwa wakainuka, wakatoka. Wadogo wakaingia.

Kipindi cha kwanza kilipita bila bao. Wasichana wa mjini, wenye viatu na soksi ndefu, walisukumwa pembeni kila walipokuja, wakaishia kwenye mstari wakigombana wenyewe kwa wenyewe. Kipindi cha pili walifunga moja. Kisha mpira ukamfikia Sushanti karibu na katikati. Alikimbia nao kama aliyeiba kitu, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaingia kwenye nusu duara la mbele ya lango na kupiga akiwa anaanguka. Mpira ulipita chini ya kipa. Uwanja mzima ukasimama, na hata yule mama wa miwani alishika kichwa.

Dakika ya mwisho wasichana wa mjini walipata kona ya adhabu, pigo la karibu na lango. Nilmani aliuzuia mpira wa kwanza kwa kifua, wa pili kwa pedi, na wa tatu ukapita. Mbili kwa moja. Alitoka uwanjani amekunja uso, asitake kushikwa na mtu.

"Bwana Ohdar angeandika tano," Albina alimwambia.

"Nilikuwa nimeuona ule wa tatu, dada. Nilikuwa nimeuona kabisa."

Mgeni rasmi alitazama saa, akaondoka, na wale wa reli wakaondoka kwenye msafara wake. Bwana Ohdar akatangaza kwamba Karamtoli wamevuruga mashindano, kwa hiyo fainali na mbuzi ni vya shule ya mjini. Nahodha wa mjini alipokea kamba ya mbuzi bila kuinua macho.

Wiki ile ile ilikuja barua ya Bwana Ohdar ikidai Albina aombe radhi kwa maandishi. Bwana Lakra alimwekea karatasi mezani.

"Andika tu mistari miwili, yaishe."

"Niombe radhi kwa lipi, Mwalimu?"

Bwana Lakra naye alikuwa amesimama kando ya uwanja siku ile, na watu walisema walimsikia akipiga kelele Sushanti alipofunga. Mwishowe aliichukua karatasi, akaandika mwenyewe kwamba shule ilileta timu tatu kucheza, na timu zake zote zilikuwa tayari kucheza. Hakuandika neno radhi. Albina alifungiwa kucheza hata hivyo, mpaka alipomaliza shule.

Hakukaa bure. Marufuku haikutaja mashamba ya mpunga, naye aliendelea kuwaamsha watoto kabla ya jua. Mwezi wa pili alipanda basi kwenda Ranchi bila kualikwa, akakaa kwenye lango la uwanja wa reli siku mbili, mpaka kocha, mmoja wa wale wawili wa jaketi za bluu, alipomtambua.

"Wewe si yule uliyekaa chini?"

"Ndimi."

"Unajua siku ile tulikuja na fomu yako ya kujiunga mfukoni?"

"Nilijua mmekuja kwa ajili yangu."

"Ungefanya tena?"

Albina alikuwa na njaa, na alijua yule bwana alitaka kusikia hapana. "Ningefanya," alisema.

Kocha alimruhusu acheze asubuhi moja, akiwa na viatu vya kuazima vilivyombana. Hawakumchukua mwaka ule. Walimchukua mwaka uliofuata, kama mchezaji wa akiba kwanza, akikaa benchi miezi saba. Mwaka huo huko Karamtoli, siku ya kuandikisha timu ya wadogo, walijitokeza watoto ishirini na mmoja, na Nilmani ndiye aliyeshika kalamu na kuandika majina yao.