Jicho la Mwanamke wa Sarakasi

Haya nilisimuliwa na mke wa mchora vibao mwenyewe, Jumamosi iliyopita, tukianua nguo kukiwa na wingu la mvua.

Mumewe alichora vibao vya maduka na maandishi ya malori miaka arobaini. Mwaka huu mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Sebuleni kwao ipo mashine kuukuu ya mchezo wa gololi, ile yenye miguu minne kama meza: gololi ya chuma inateremka chini ya kioo, nawe unaibutua kwa vibawa viwili isitumbukie shimoni. Kwenye ubao wake amechorwa mwanamke wa sarakasi, kasimama wima juu ya farasi. Gololi ilikuwa imepita palepale miaka nenda miaka rudi, hata ikamla jicho moja na nusu ya shavu, ubao ukabaki wazi.

"Nikishindwa kumrudishia jicho," mzee akamwambia mkewe, "Jumapili brashi zangu zote namkabidhi yule mwanafunzi wangu. Nimestaafu."

Mwanafunzi mwenyewe siku hizi ana karakana yake na mvi mbili tatu. Mke alimjua mumewe, akisema amesema. Alijua pia kwamba mzee yule bila brashi angekaa kitini kutwa akiuliza kama chakula kimeiva.

Kioo wakakitoa wawili, kila mtu upande wake. Mzee akasugua uchafu, akapaka vanishi nyembamba, akaiacha siku mbili ikauke. Rangi mpya hukaa juu ya vanishi hiyo. Ukikosea unaifuta ingali mbichi, na picha ya zamani haiguswi.

Shavu likamtia adabu. Alichanganya rangi ikafanana kabisa, lakini ilipokauka ikakolea zaidi, ikawa kiraka. Maisha yake yote alikuwa akipaka kibao kizima upya. Kufananisha na rangi iliyozeeka hakukuzoea.

"Umempiga kofi," mkewe akasema.

"Cheka tu, mama watoto."

"Paka kwenye karatasi kwanza, ikauke, ndipo ulinganishe."

Akanung'unika, akafanya hivyo hivyo. Shavu likakaa.

Likabaki jicho, yaani mstari mweusi wa kope, mwembamba kama uzi. Mara ya kwanza brashi iliruka hadi puani. Akafuta. Ya pili vilevile. Ya tatu hakumaliza. Aliweka brashi chini, akakaa akitazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

Mke akaenda jikoni, akarudi na mwiko wake mrefu kuliko yote. Akaulaza juu ya mashine, ukingo hadi ukingo, akashika ncha zote mbili.

"Egemeza kiwiko cha mkono. Hapa."

"Kuegemea fimbo ukichora ni mambo ya wanafunzi. Mimi sijawahi."

"Basi leo uko darasa la kwanza. Kaa vizuri."

"Mwiko wenyewe unanuka vitunguu."

"Jicho halina pua. Chora!"

Akaegemea. Zamani mstari kama ule angeuvuta kwa pumzi moja. Sasa ulikuja kidogo kidogo, kipande kikishikana na kipande. Mke alihesabu kumi na moja.

"Viungo vinaonekana," mzee akasema.

"Ukiinama, vinaonekana. Ukisimama ni jicho."

Hakumdanganya zaidi ya hapo. Mzee akasimama, akainama, akasimama tena. Kisha akachukua kitambaa. Mke akashikilia mwiko, akidhani anaufuta mstari. Mzee akafuta brashi taratibu, akazisokota nywele za ncha yake kwa vidole zikachongoka.

"Mpigie simu yule mwanafunzi," akasema. "Mwambie Jumapili aje, lakini aje na brashi zake. Farasi naye mguu umechakaa."

Akajinyoosha kochini na viatu vyake. Saa nane mchana alikuwa anakoroma.

Kioo kisingeweza kurudi, rangi bado mbichi. Mke akavuta kiti, akawa anapunga kanga juu ya lile jicho kufukuza nzi. Akapunga, akapunga, mkono ukazidi kuwa mzito, kanga ikamshukia mapajani, na yeye usingizi ukamchukua.