Protini Iliyopigiwa Kura

Tangu mhadhiri wa baiofizikia arudi kutoka semina, aliacha kufundisha. Huko aliambiwa kwamba mwanafunzi hujifunza kwa kupambana na tatizo, na kwamba mwalimu anayejibu maswali anaua akili za watu. Basi sasa aliitwa mwezeshaji, aliketi pembeni na karatasi yake ya alama, na ukimuuliza kitu alikurudishia swali. Aliyeumia zaidi ni Shangazi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale chuoni. Alirudi kusoma akiwa na watoto watatu, na vijana wa kikundi chake waliona haya kumwita kwa jina. Somo hili alikuwa analirudia. Akianguka tena anafungashwa virago, na nyumbani kuna shemeji ambaye tangu mwanzo aliuliza mama mzima anatafuta nini vitabuni. Mdomo wa shemeji ulimtisha kuliko mtihani wenyewe.

Tatizo la wiki hiyo lilikuwa fupi. Protini ni uzi mrefu uliojikunja kwa umbo lake maalumu, na ukiipasha moto hujikunjua. Je, ikipoa itajikunja tena? Kikundi kilipewa tyubu ya kioo yenye protini ya ute wa yai, jiko la kuchemshia maji, na sharti moja: bila kauli moja hakuna alama, kwa yeyote.

Wakaitumbukiza tyubu kwenye maji yanayochemka, kisha wakaanza kuchagua viongozi. Mwenyekiti alipatikana haraka, maana alijiteua. Katibu naye akapatikana. Ubishi ulizuka kwa mtunza muda, kwa kuwa wawili waliutaka wadhifa huo, ikabidi kila mmoja ajinadi, ahojiwe, apigiwe kura. Mshindi alipomaliza kutoa shukrani, ndani ya tyubu kulikuwa kweupe pe.

Waliipoza, weupe haukuondoka. Katibu alisoma kitabuni kwamba protini hulijua umbo lake na hulirudia yenyewe, kwa hiyo mwenyekiti akaitisha kura kwamba imerudi. Mikono minne ikapanda.

Wa Shangazi ulibaki mezani. Swali hilihili ndilo lililomwangusha mwaka jana, na likizo nzima alilisoma mpaka akaliota.

"Shangazi, nyoosha tu mkono," mwenyekiti alimbembeleza. "Wengi wape. Protini haitakushtaki."

Akinyoosha, amefaulu. Aking'ang'ania, wanazama wote. Mkono ukaanza kupanda wenyewe, ukafika kidevuni, ukakwama. Akamtazama mhadhiri, ambaye alikuwa ameing'ata kalamu mpaka imepasuka, jibu likimkaba kooni.

"Mwalimu, najua huruhusiwi kutujibu," alisema. "Basi niulize."

Mhadhiri aliuliza kwa pupa. Kabla ya moto ilikuwaje? Angavu, Shangazi akajibu. Na sasa? Nyeupe. Kila uzi ungekuwa umejikunja peke yake, weupe ungetoka wapi? Usingekuwepo. Hapo Shangazi akaeleza kwamba protini hurudi ikipata nafasi, lakini nyuzi nyingi zilizojikunjua na kuchemshwa kupita kiasi hunasana zenyewe kwa zenyewe, zikagandamana, na basi tena. Kitabu hakikudanganya. Wao ndio walioisahau tyubu motoni wakifanya uchaguzi.

Mhadhiri alifumba macho kwa raha, mtu ambaye hajasikia jibu tangu semina.

Mwenyekiti aliona upepo umegeuka. Akaitisha kura upya, kwamba haijarudi, na mikono minne ikapanda kwa kasi ileile ya mwanzo. Wa tano ukawa wa Shangazi. Mhadhiri akawapa alama zote, akaandika kwamba kikundi kimefundishana vizuri sana.

Shangazi alitoka kwa furaha. Mwenyekiti alimfuata koridoni, akampongeza, akamwambia si amejionea mwenyewe, watu wakishirikiana jibu hupatikana.

"Jibu lenyewe lipi?" Shangazi aliuliza.

Mwenyekiti alifikiri kidogo.

"Lile tulilokubaliana."