Chumvi Ndani ya Ufa

Wenzake wa makumbusho walimwita Mama Konokono, naye hakuchukia. Alitunza magamba ya konokono, droo kwa droo, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akimtafuta konokono wa aina moja tu: mdogo kama punje ya mchele, aliyejulikana kwa magamba matupu yaliyookotwa zamani kwenye kilima cha mawe ya chokaa nje ya mji. Wataalamu walisema ameshatoweka.

Mvua zilipoanza, akampata. Ndani ya ufa wa jiwe, upande usiopigwa jua, walikuwepo thelathini na wanne, wakilamba ukungu taratibu. Konokono wa aina hiyo hahami. Gamba lake hulijenga kwa chokaa ya jiwe lilelile, na kiangazi hujifungia ndani kwa utando mwembamba, akalala hadi mvua irudi. Kilima kikivunjwa, ndiyo basi tena.

Na kiwanda cha saruji kilishaomba kukivunja. Kilichosubiriwa ni mkaguzi wa mazingira tu.

Furaha haina breki. Alimpigia simu mdogo wake wa kiume, waliyenyonya naye ziwa moja, ingawa alijua ni mpima ardhi wa kiwanda hichohicho.

“Nimewapata, wako hai. Ila funga mdomo mpaka mkaguzi apande Alhamisi.”

“Dada, mimi tena?” Akacheka. “Wako upande gani?”

Akamweleza yote, hadi hatua za kuhesabu kutoka nguzo ya mpaka.

Alhamisi ufa ulikuwa mweupe. Aligusa kwa kidole, akaonja. Chumvi. Konokono walikuwa wamegeuka ute mkavu, magamba yamegandia jiwe. Mkaguzi alimulika tochi kila pembe, akaandika kwamba hakuna aliye hai.

Alitoka kilimani moja kwa moja hadi kwa mdogo wake, akamkuta uani anaosha gari.

“Ni wewe?”

Aliendelea kufuta kioo kilekile. “Wangefunga kazi pale, dada. Nina watu wananitegemea.”

“Si ungeniambia?”

“Ungekubali?”

“Nisingekubali. Lakini ungeniambia. Chumvi lilikuwa wazo la nani?”

“Wewe ndiye ulinifundisha. Tulipokuwa wadogo nilimmwagia konokono chumvi bustanini, ukanichapa. Ukasema maji yote yanamtoka huku yuko hai.”

Aliliegemea gari lililolowa. Mdogo wake alikimbilia ndani kumletea kiti. Dada alikitazama kile kiti, akaondoka.

Katika ripoti yake kwa idara ya mazingira aliandika kilichotokea na aliyekitenda. Mama yao alimpigia mara tatu siku hiyo.

“Litoe jina la mwenzio, mwanangu. Ndugu wakigombana, wewe chukua jembe ukalime.”

“Mimi ndiye niliyegombana naye, mama. Wa kwenda kulima ni wengine.”

Hakulitoa. Kiwanda kilidai kwamba kijana alitenda bila kutumwa, kikamfukuza kazi, na kibali kikapita vilevile. Baruti zikaanza kulia. Kila mlipuko, vioo vya makabati ya makumbusho vilitetemeka, naye alisimamisha kalamu hadi vitulie.

Mdogo wake alimtumia ujumbe mmoja tu: “Umeridhika?” Aliandika jibu refu, akalifuta lote.

Siku hizi yeye huenda kwa mama yao Jumamosi, mdogo wake Jumapili. Mama hupika siku zote mbili, chakula cha watu watatu.