Mavuno ya Sebuleni

Fundi Kondo alikuwa juu ya jukwaa la mbao katika sebule mpya ya Bwana Abdulrazaq, huko Mbwera, akilainisha maungio ya jipsamu darini. Hakutumia msasa mkavu. Salama, mke wa mwenye nyumba, alikwisha kuingiza makochi, tena meupe, akaapa kwamba chembe ya vumbi ikitua juu yake, Kondo mwenyewe atayafua. Basi Kondo akawa analowesha sponji kwa maji ya kisima cha uani, anaikamua, anaipitisha taratibu. Vumbi hakuna.

Ila mpunga ukaota. Uliota kila alipopitisha sponji, ukielekea chini, kijani kibichi. Akiukwangua asubuhi, jioni umerudi.

"Mbegu ya nani hii?" Abdulrazaq aliuliza.

"Ya Bibi Johari," Kondo alijibu. "Si shamba lake hili?"

"Lilikuwa."

Jamani, Mbwera nzima ilijua. Johari alilima pale tangu usichana wake, mpaka Abdulrazaq alipoleta mashahidi wa kukodi, wakaapa kuwa ni pori lisilo na mwenyewe. Jambo hilo lilimuuma Kondo, lakini dari lilikuwa linamngoja.

"Basi piga msasa mkavu," Abdulrazaq aliamuru.

"Thubutu!" Salama alipaza sauti kutoka jikoni.

Ikabidi mpunga uachwe ukomae. Ulipotoa masuke, kwelea wakaingia madirishani, na Johari naye akaja na kombeo lake kuamia ndege, kama kila msimu. Akapanda jukwaani kwa Kondo, akalifanya ndilo dungu lake la kulindia mpunga. "Hoo! Tokeni, walafi nyie!" Kondo alifurahi kupata mtu wa kupiga naye soga. Salama akawa anawapelekea uji.

Kila Abdulrazaq alipopita, Johari alimwambia, "Nirudishie shamba langu, mwanangu."

"Hayo tulishayamaliza, bibi," alijibu, akamwomba asogeze mguu aione televisheni.

Mpunga ulipoiva Johari alikata suke moja moja kwa kisu, na makochi hayakuchafuka. Abdulrazaq akachukua nusu, kwa kuwa nyumba ni yake. Kondo akapitisha sponji mara ya mwisho, na safari hii maungio hayakuonekana tena.

"Mwakani naanza mapema," alisema Johari akijitwika kikapu. "Shamba langu lilifika mpaka huko chumbani kwenu."

"Karibu sana," alijibu Abdulrazaq. "Ila chumbani, bibi, ubishe hodi kwanza."