Verna Akataa Kuketi Nje

Habari kwamba Verna Lahti na Orrin Haugen wanakwenda jangwa la Bonde la Mauti pamoja kwa majuma matatu, kupanda na kushuka makorongo, zilienea kanisani Eveleth, mji mdogo wa Minnesota, kabla kahawa ya baada ya ibada haijapoa. Verna alikuwa mjane wa miaka sabini na mbili, dereva mstaafu wa basi la shule, na nyonga yake ya kushoto ilikuwa ya bandia tangu masika. Orrin alimzidi miaka minne. Naye alikuwa amefiwa na mkewe, na alikohoa kila asubuhi kwa sababu ya vumbi la mgodini alikofanya kazi maisha yake yote.

Karin, binti yake Verna, alimkuta mamake akipakia viatu vya mlimani.

"Bonde la Mauti!" alisema. "Dunia nzima hii, Mama, huko ndiko umeona pa kwenda?"

"Hapa mlangoni theluji imefika kiunoni. Nikianguka hapa nitavunjika vilevile, halafu nigande."

"Na yule mzee?"

"Yule mzee anaitwa Orrin."

"Mtalala chumba kimoja?"

"Unataka nikuchoree na kitanda?"

Karin aliondoka akiubamiza mlango, na Verna akaendelea kupakia.

Kusema kweli Orrin alikuwa amemposa mara mbili. Mara ya kwanza walikuwa kibandani juu ya ziwa lililoganda, wakisubiri samaki wauguse mshipi walioushusha kwenye tundu la barafu. Mara ya pili walikuwa kwenye foleni ya dawa. Mara zote mbili Verna alimjibu jibu moja: "Nimefua soksi za mwanamume miaka arobaini. Nilimpenda, Mungu amrehemu, lakini soksi zimenitosha." Orrin alicheka, wakaendelea kama walivyokuwa, kila mtu na nyumba yake, chakula cha jioni wakila pamoja. Dale, mwanawe Orrin aliyeishi Minneapolis, hakuwahi kumtaja Verna kwa jina. Alimwita "yule rafiki yako, Baba," kama mtu anayetaja ugonjwa.

Basi wakaenda. Siku ya tatu asubuhi waliingia korongo la Mosaic, jua likiwa bado halijafika chini. Kuta zilibanana mpaka mtu aliweza kuzigusa zote mbili kwa kunyoosha mikono, na mawe yake yalikuwa laini kama yamepakwa siagi, yamesuguliwa na mafuriko ya miaka isiyohesabika. Baridi ilikuwepo, lakini kwa watu wa Minnesota hiyo ilikuwa baridi ya kuvulia koti. Verna alitembea mbele na fimbo yake. Nyonga ilimuuma kidogo, naye akazidisha hatua.

Mwendo wa saa moja hivi, njia ikakatwa na ukuta wa mwamba, mahali maji yalipoporomokea zamani. Haukuwa mrefu sana, ulimpita Orrin kichwa, lakini ulikuwa mtelezi. Vijana watatu walikuwa wameketi chini yake wakila matufaha.

"Bibi, naona mwisho wa njia ndio hapa," mmoja alisema, kwa upole kabisa.

"Mwisho kwa nani?"

"Kwa... yaani, hata sisi tumepata tabu kushuka."

"Poleni sana. Sogeza mfuko wako huo."

Orrin alimwangalia, akautazama ukuta. "Verna, tukirudi hapa hakuna atakayetucheka."

"Mimi nitacheka. Nisukume."

Akavua glavu, akatafuta pa kushika, akainua mguu mzima kwanza, na ule wa nyonga ya bandia ukafuata. Orrin alimsukuma kwa bega kutoka nyuma, bila adabu yoyote, wote wawili wakicheka mpaka pumzi zikawaishia. Vijana waliacha kula. Verna alipofika juu alilala kifudifudi juu ya mwamba kwa muda, shavu kwenye jiwe baridi, moyo ukimwenda mbio, na akajisikia mwenye nguvu kuliko siku yoyote tangu amzike mumewe. Orrin alipanda peke yake, akikohoa na kutukana. Walikunywa kahawa yao huko juu, mahali kimya kilikuwa kizito hata ukasikia kunguru akipiga mbawa.

Balaa lilitokea wakati wa kushuka. Verna alishuka salama. Orrin alimfuata, unyayo ukateleza, akaja chini kama gunia, mkono ukiwa chini yake. Kichwa kiligonga ukuta. Alipoinuka, damu ilikuwa inamtiririka juu ya jicho, na kifundo cha mkono kimepinda upande usiotakiwa.

"Nimefika," alisema.

"Nyamaza, uketi."

Alimfunga mkono kwa skafu yake na kumziba jicho kwa leso. Vijana walikuwa wameshaondoka. Alimwegemeza begani wakatoka korongoni polepole, akampakia garini, akaendesha mwenyewe hadi Las Vegas, mji ambao walikuwa wamekodi chumba ndani yake kwa juma la pili. Njia nzima Orrin aliuliza swali moja tena na tena, kama wamefunga chupa ya kahawa, na kila mara Verna alimjibu kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mikono yake ilikuwa imara kwenye usukani. Aliwahi kushusha watoto hamsini mlima wa barafu breki zikiwa hazishiki, akawafikisha.

Hospitalini walimpokea Orrin juu ya kitanda cha magurudumu, wakapotea naye nyuma ya milango miwili. Verna akafuata. Mwanamke wa mapokezi akamzuia.

"Wewe ni nani wake, mama?"

"Nimekuja naye."

"Mke?"

"Hapana."

"Dada?"

"Hapana. Ni... tuko pamoja."

"Basi subiri pale kwenye viti. Tutampigia ndugu yake."

Alisubiri. Jua liliacha dirisha moja likaenda kwenye lingine, na kila alipouliza aliambiwa habari za mgonjwa ni za familia. Damu ya Orrin ilikuwa imekauka kwenye mkono wa sweta yake. Hatimaye simu yake ililia. Alikuwa Dale, aliyekuwa maelfu ya kilomita mbali, kwenye theluji.

"Baba anaendelea vizuri," Dale alisema. "Mkono wamemfunga plasta, kichwa wanakiangalia mpaka kesho. Wewe nenda kapumzike. Mimi nakuja kumchukua."

Verna aliishika simu hata baada ya Dale kukata. Mtu aliyembeba begani mwake, habari zake ameletewa kutoka Minneapolis! Hakulia. Kilichompanda ni hasira, tena hasira safi, kama ya msichana.

Kesho yake mchana Dale aliwasili, na Karin pamoja naye. Watu hao wawili hata salamu walikuwa hawapeani, lakini sasa walikuwa wamekaa ndege moja, viti vya jirani, wameshapatana.

"Mama, umechoka," Karin alisema, akamkumbatia. "Twende nyumbani."

"Na mimi naenda na Baba," Dale alisema. Alisema jina lake mapokezi, mlango ukafunguka papo hapo. Verna akainuka kwenye kile kiti na kumfuata.

"Mama, samahani," yule mwanamke wa mapokezi alianza, "nimeshakwambia..."

"Umeniambia. Ita polisi. Nitakuwa chumbani kwa Orrin Haugen."

Hakuna aliyeita polisi.

Orrin alikuwa ameketi kitandani, bandeji imemzunguka kichwa kama kilemba kilichofungwa na mlevi. Alipomwona Verna, uso wake wote ulifunguka.

"Ulikuwa wapi wewe? Nimewauliza tangu asubuhi!"

"Nje. Kwa kuwa mimi si mtu wako."

"Baba," Dale aliingilia, "tiketi ninayo. Tunaondoka kesho."

"Tiketi ya nani?"

"Yako."

"Mpe mtu mwingine. Mimi nina makorongo mawili sijayaona."

"Umegonga kichwa! Huyu mama nusura akuue, na wewe unaongea habari za makorongo?"

Neno lile lilimpata Verna mahali penyewe, kwa maana ndilo alilojiambia mwenyewe kwenye kile kiti.

"Ni kweli," alisema. "Mimi ndiye niliyesema tupande."

"Na mimi ndiye niliyeteleza," Orrin alisema. "Msininyang'anye hata kuanguka kwangu. Dale, mimi nimeshuka mashimoni miaka thelathini na tano, na baruti zikilipuka juu. Hukuwahi kunizuia, kwa sababu ule mshahara ulikulisha. Leo nimepanda jiwe kwa raha yangu, ndiyo unakuja na tiketi?"

Verna akasogea mpaka kitandani.

"Orrin. Bado unataka?"

"Nataka nini?"

"Usijifanye mgonjwa."

Orrin alimtazama kwa lile jicho moja lisilovimba. "Mara mbili umenikataa."

"Nilikataa kwa sababu sikuhitaji. Siku hizi mbili nimeona watu wanavyouliza. Sitaketi nje tena, mimi, nikingoja mtu aliye mbali anipigie simu kunipa habari zako. Soksi utafua mwenyewe."

"Kwa mkono mmoja?"

"Una meno."

Orrin akacheka mpaka akashika kichwa. "Basi ndiyo. Leo hii hii."

"Mama!" Karin aliita. "Kanisani watasemaje?"

"Majuzi walisema kwa sababu hatujaoana. Kesho watasema kwa sababu tumeoana. Wachague moja, wanipigie."

Karin alitaka kukasirika. Lakini kicheko kilimponyoka puani, akaugeukia ukuta ili Dale asimwone.

Dale hakucheka. "Mimi sitakuwepo, Baba," alisema, akachukua koti lake akatoka.

Daktari alimruhusu Orrin alasiri hiyo. Wakaenda ofisi ya serikali, wakapewa kibali papo hapo, maana mji huo huozesha watu siku hiyo hiyo, na kutoka hapo wakaenda kwenye kikanisa cha harusi kilichobanwa kati ya duka la matairi na duka la rehani. Bwana wa hapo aliwaonyesha maua ya plastiki na mwimbaji wa kukodi mwenye koti la kumetameta. Verna alivikataa vyote viwili. Aliolewa na viatu vyake vya mlimani, vumbi la korongo bado limo kwenye kamba, na Karin akawa shahidi. Orrin aligeuka kuangalia mlango mara mbili. Verna aliona. Akamkamata ule mkono mzima kwa nguvu zaidi.

Baadaye walikula hotelini, kamba wengi kuliko walivyoweza kumaliza. Mashine za kamari zililialia pembeni, na Karin alicheza moja, akashindwa, akacheza tena kwa hasira. Asubuhi yake alirudi nyumbani peke yake. Kwenye uwanja wa ndege alimwambia Orrin, "Ukimvunja mama yangu, nitakuvunja na huo mkono mwingine." Orrin akasema amesikia. Dale hakupiga simu siku hiyo, wala juma hilo.

Wao hawakurudi. Siku iliyofuata waliendesha gari kaskazini mwa mji, kwenye makorongo mekundu, na daktari hakuulizwa. Orrin, akiwa na plasta, hakuweza kushika kuta, kwa hiyo Verna alitangulia akimwonyesha pa kukanyaga.

"Hapo kuna changarawe. Kulia. Kulia, nimesema!"

"Hii ndiyo ndoa?" Orrin aliuliza kutoka nyuma.

"Hii ndiyo njia. Tembea."

Mbele yao korongo lilipinda, na upande wa pili wa kona hiyo jua lilikuwa limeshaingia.