Kiti cha Amjad

Eliana alikuwa ameandika shughuli nzima kwenye daftari, saa kwa saa, na hadi saa tisa alasiri mambo yalikwenda kama daftari lilivyosema. Watu walifika kutoka Rumonge mjini na Gatete, hata wavuvi watano wa Magara walikuja na mashati yao ya kanisani. Wanafunzi wa ushonaji walitandaza magauni mezani, wale wa useremala wakapanga vigoda vyao. Sanduku la michango lilikaa katikati, limefunikwa kitenge.

Ukumbi wenyewe ulikuwa stoo ya zamani ya Mzee Amjad, mfanyabiashara wa Bujumbura ambaye babu yake alitoka Omani. Kwa miaka mitatu alikuwa amewaachia vijana waitumie bure kama kituo chao cha mafunzo. Sasa mtu wa mafuta ya mawese aliitaka, tena kwa kodi nzuri. Amjad alimwambia Eliana, msimamizi wa kituo, kwa simu, bila ukali, kwamba angekuja kwenye sherehe aone mwenyewe. Akiona watu wa hapa wanakitaka kituo, kitabaki. Asipoona, Jumatatu angetoa ufunguo.

Ndiyo maana Eliana alimweka mbele kabisa, kwenye kiti kikubwa chenye mto. Yeye alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania na akasoma huko, na huko hakuna sherehe isiyokuwa na mgeni rasmi. Viti vingine vilipangwa na Generoza, mdogo wa mama yake, kwa desturi ya hapa: pande mbili zinatazamana, katikati wazi. Upande mmoja walikaa vijana na walimu wao, upande wa pili wageni, na Amjad mbele yao.

Eliana alishika mikro akakaribisha. Alieleza kazi za vijana, akaonyesha makreti ya Fanta, bia na maji, akasema karibuni, kisha akakaa.

Wasichana wa ushonaji walipita wakigawa chupa. Kila aliyepewa alishukuru, akaiweka chini karibu na mguu wake. Mmoja wao, Jessica, alipopita na kifungulio, watu walifunika chupa kwa viganja, wakamwambia angoje kidogo. Angoje nini, hawakusema.

Eliana alidhani wanaona haya. Akasimama tena, akatangaza kwamba sanduku liko wazi. Hakuna aliyeinuka. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba bahasha alikuwa anaziona. Zilichungulia kwenye mifuko ya mashati, na mama mmoja alikuwa ameishika yake mkononi kama tiketi. Walikuja nazo. Basi kwa nini hawasimami? Alirudia maneno yake moyoni, akitafuta lipi liliwaudhi, asilipate. Aliomba wimbo. Watu walipiga makofi vizuri, wakanyamaza tena. Amjad alitazama saa yake, kisha akatazama dari.

Eliana akatoka nyuma, ambako Generoza alikuwa anageuza mishikaki.

"Mama mdogo, hawa watu wamenikatalia. Hata Fanta hawataki."

Generoza alichungulia mlangoni, akacheka kidogo. "Nani amekukatalia? Wewe umekaribisha, ni vizuri. Lakini upande ule hawajajibu. Mutu wao hajasimama kusema murakoze, asante, tumepokea. Wanywe namna gani? Hawako ng'ombe kwenye mto."

"Na mtu wao ni nani?"

"Si yule umemuweka mbele? Wote wanamungoja yeye."

Eliana akashusha pumzi. Kumbe ni jambo dogo, Mzee Amjad aseme neno moja tu. Alirudi ndani, akainama karibu na kile kiti, akamwomba kwa sauti ya chini awajibie wageni.

Amjad alimtazama kama mtu aliyeombwa kuvua kiatu cha mwenzake. "Nijibu nini, binti yangu? Nyumba hii iko yangu. Mutu anajishukuru mwenyewe, kwake? Tangu nimefika najiuliza kwa nini umenikalisha na wageni. Nikasema labda mwenyewe unajua."

Eliana hakujua. Alitazama pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza aliona walichokuwa wanakiona wengine: wageni waliongojea mtu wa kuwasemea, na mwenye nyumba aliyekalishwa ng'ambo ya nyumba yake.

"Basi hamia upande wetu, Mzee," alisema.

Amjad hakuinuka mara moja. "Unajua unachoniomba? Nikikaa kule, mbele ya watu wote hawa, mimi ndiye ninayewakaribisha. Jumatatu yule wa mafuta nitamwambia nini?"

Eliana alitafuta jibu. Daftari halikuwa nalo. "Sijui," alisema. Akakamata mgongo wa kiti, akangoja.

Amjad akasimama. Eliana alikibeba kiti, kizito, mto ukitaka kuanguka, akavuka nacho ule uwazi wa katikati, na mzee akamfuata polepole akipita kando ya sanduku. Ukumbi mzima uliwatazama. Alipokaa kati ya vijana, aliinua mkono. "Amahoro. Karibuni kwetu."

Hapo hapo ng'ambo akasimama Meshaki, mkulima wa Gatete, akifunga kifungo cha koti. Alisema wageni wamemwona mwenye nyumba, wamewaona na watoto wake, wamepokea, murakoze cane. Hakumaliza kukaa, chupa zikaanza kulia. Mama mwenye bahasha ndiye alikuwa wa kwanza kufika kwenye sanduku, na nyuma yake mstari ukarefuka hadi mlangoni.

Amjad alionja Fanta yake, akakunja uso. "Kwetu mgeni hapewi Fanta ya moto. Mwaka ujao tafuteni barafu."

Eliana alishika kalamu aandike barafu, akasita. Mwaka ujao? Alitaka kumuuliza kama kweli alikuwa hajui kwa nini ukumbi umenyamaza, au alijua tangu mwanzo, akangoja aone nani atakuja kumhamisha. Lakini mzee alikuwa ameshatoa simu, anamweleza mtu wa mafuta, kwa upole uleule, kwamba Jumatatu asijisumbue.