Lugha ya Ugomvi

Sisi wa mlimani na wale wa mtoni tulichomeana nyumba tangu enzi za babu zetu. Kisha mwanangu, seremala mwenye akili zake mwenyewe, akaenda kuoa kwao. Nililia harusi nzima, watu wakadhani ni furaha.

Mjukuu alipozaliwa, vita vikahamia sebuleni. Mimi nataka aitwe jina la baba yangu. Mama wa mkwe wangu, niliyempachika jina Bi Pua kwa kunusanusa sufuria zangu, anataka la baba yake. Mwanangu akachoka.

"Mama zangu, neno lake la kwanza likiwa la mlimani, jina litatoka mlimani. Likiwa la mtoni, la mtoni. Basi!"

Bi Pua akahamia na godoro lake. Nikimbeba mtoto, namnong'oneza maneno ya kwetu. Yeye akimpokea, kwanza anamfuta sikio kwa kitambaa chenye maji, ndipo ammiminie ya kwao. Hapo moto unawaka. Kilugha chake sikijui, changu hakijui, na tusi lisiloeleweka ni hasara tupu. Basi tukawa tunatukanana kwa lugha ya sokoni, inayojulikana na kila mtu.

"Toka hapa, kibogoyo!" ananifokea.

"Toka wewe, mwizi wa kuku! Babu yako alikimbia vita kavaa gauni la mkewe!"

"Angalau alikuwa na mke wa kumwazima!"

Majirani wakawa wanakuja na viti vyao.

Siku moja tulikuwa tunamgombania, mimi nimeshika miguu, yeye makwapa. Mtoto akatukazia macho, akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka!"

Hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Umemfundisha wewe!" akafoka Bi Pua.

"Mimi? Si ndiyo salamu yako ya asubuhi!"

Mwanangu alicheka mpaka randa ikamdondoka. "Si la mlimani, si la mtoni. Jina nampa mwenyewe." Akampa jina la hukohuko sokoni, lisilo na babu wa mtu ndani yake.

"Katuibia," nikasema.

"Katuibia kweli," akajibu Bi Pua. Ndiyo mara ya kwanza tuliyokubaliana, na nilichukia kupita kiasi.

Leo mjukuu anasoma shule. Ukimuuliza kabila, anakushangaa. "Mimi wa hapa, bibi." Na wenzake wa mtaani wote ni hivyohivyo.

Bi Pua hajaondoka. Akinung'unika kwa kilugha chake, hakuna wa kumjibu, hata bintiye amezoea ya sokoni. Basi huniita: "Kibogoyo! Uko wapi?" Namwacha aite weee, mpaka sauti imkauke, ndipo nimwitikie, mwizi wa kuku yule.